Raundi 41 na Neno Moja: Urithi wa Ali na Frazier

Hapa chuoni kila mtu anamjua Muhammad Ali. Picha yake iko kwenye kuta za hosteli, iko kwenye stetasi za watu asubuhi ya mtihani, na hata wale wasiojua raundi moja ya ngumi ina dakika ngapi wanajua kwamba jamaa alikuwa na mdomo. Ukiwauliza haohao Joe Frazier ni nani, wengi watakujibu, "Si yule aliyepigwa na Ali?"

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Walipigana mara 3 kati ya mwaka 1971 na 1975, jumla ya raundi 41. Frazier alishinda pambano la kwanza na kuwa mtu wa kwanza kabisa kumshinda Ali katika ngumi za kulipwa. Ali alishinda mawili yaliyofuata. Wapenzi wengi wa masumbwi wanakubali kwamba hakuna uhasama wa ulingoni uliofikia ule.

Nataka nieleze uhasama huo ulivyozaliwa, ulivyokuzwa, na ulichoacha. Nitasema mapema ninakoelekea ili msomaji asinishuku. Makonde yaliwaumiza wote wawili, lakini kidonda kilichokaa wazi karibu miaka 40 kilitokana na neno, na neno hilo lilitoka kinywani mwa mtu tunayemtundika ukutani. Msimu huu wa kampeni za serikali ya wanafunzi, nadhani tunalihitaji somo hili kuliko picha.

Vijana wawili, njia mbili

Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Clay. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango. Nyumbani hawakuwa matajiri, ila hawakuwa watu wa kulala njaa. Mwaka 1960, akiwa na miaka 18, alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Rome. Aliporudi, wafanyabiashara 11 wa kizungu wa mji wake waliunda kikundi cha kumdhamini aanze ngumi za kulipwa. Februari 1964 alimshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Muda mfupi baadaye alitangaza kwamba yeye ni mfuasi wa Nation of Islam, na jina la Clay akaliacha huko.

Frazier alizaliwa Beaufort, South Carolina, tarehe 12 Januari 1944, kwenye familia kubwa ya wakulima weusi maskini. Baba yake alikuwa amepoteza mkono mmoja. Joe mwenyewe, akiwa mtoto, aliumia mkono wa kushoto alipokuwa akikimbizwa na nguruwe. Pesa ya daktari haikuwepo, mkono ukapona wenyewe, na tangu siku hiyo haukunyooka sawasawa. Huo mkono uliopinda ndio ulikuja kuwa silaha ambayo mabondia wa uzito wa juu waliiogopa kuliko nyingine zote.

Akiwa na miaka 15 aliondoka Kusini, kwa sababu Kusini ya wakati ule haikuwa mahali pa kijana mweusi asiyekubali kudharauliwa. Akafika Philadelphia, akapata kazi machinjioni. Alikuwa akijifua kwa kupiga mapande ya nyama yaliyoning'inizwa kwenye chumba cha baridi. Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo kama mchezaji wa akiba baada ya mwenzake kuumia, akarudi na dhahabu.

Ulingoni walikuwa kama mchana na usiku. Ali alikuwa mrefu, anacheza kwa miguu, anapiga kwa mbali na kuondoka. Frazier alikuwa mfupi kwa bondia wa uzito wake. Aliinamisha kichwa, akaja mbele, akala ngumi mbili ili atoe moja ya kushoto. Hakuwa na kurudi nyuma. Nje ya ulingo tofauti ilikuwa hiyohiyo: mmoja anaongea mchana kutwa, mwingine ukimpa maikrofoni anatafuta pa kuiweka.

Siku za njaa

Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alivuliwa ubingwa, leseni zake zikafutwa, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Hakwenda jela kwa kuwa alikata rufaa, lakini kwa takribani miaka mitatu na nusu hakupigana. Ilikuwa kati ya miaka 25 na 28 ya umri wake, yaani ile miaka ambayo bondia anakuwa kwenye ubora wake.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kuuma. Wakati Ali hana kazi, Frazier alikuwa anapanda, na Februari 1970 alimpiga Jimmy Ellis na kutambuliwa kuwa bingwa. Angeweza kukaa kimya na mkanda wake. Badala yake alimsaidia Ali kwa pesa mfukoni, na akasema waziwazi kwamba mwenzake arudishiwe leseni. Najua kuna watakaosema alikuwa na lake: bila kumpiga Ali, ubingwa wake ungebaki na alama ya kuuliza, na pambano lile lilikuwa na hela nyingi. Kweli. Lakini mtu anaweza kuwa na lake na bado akawa amekutendea wema. Ukiwa huna hata nauli, anayekupa elfu kumi humuulizi nia yake.

Oktoba 1970 Ali alirudi ulingoni mjini Atlanta. Miezi michache baadaye mkataba ukasainiwa. Tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, New York, mabingwa wawili ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupoteza pambano wangekutana. Ali alikuwa na ushindi 31, Frazier 26. Kila mmoja angelipwa dola milioni 2.5, kiasi ambacho bondia hakuwahi kukisikia.

Neno lenyewe

Ali alikuwa mfanyabiashara wa maneno. Alipokuwa kijana alikutana na mwanamieleka aitwaye Gorgeous George, akaona jinsi ukumbi unavyojaa watu waliolipa ili wamwone mtu mwenye majigambo akipigwa. Akalichukua somo. Liston alimwita dubu, Floyd Patterson akamwita sungura. Watu walicheka, tiketi zikauzwa, maisha yakaendelea.

Kwa Frazier alivuka mpaka. Alimwita "Uncle Tom". Jina hilo linatokana na mhusika wa riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, na miongoni mwa Wamarekani weusi limekuwa tusi zito, la mtu mweusi anayejipendekeza kwa wazungu na kuwauza wenzake. Sisi tungesema kibaraka. Ali alikwenda mbali zaidi, akasema mweusi yeyote anayemshangilia Frazier ni msaliti.

Sasa mpime aliyeambiwa. Mtoto wa shamba la South Carolina, kibarua wa machinjioni, mtu aliyeinyanyasika kwa rangi yake zaidi ya Ali. Ndiyo, nyuma ya Frazier kulikuwa na kampuni ya wawekezaji ambao wengi wao walikuwa wazungu. Lakini hata Ali alianzishwa na wazungu 11 wa Louisville. Kwa kipimo hicho wote wawili wangekuwa vibaraka.

Neno halikuhitaji ushahidi. Lilikuwa limetoka kwa mtu aliyepoteza kila kitu kwa ajili ya msimamo wake, na kwa hiyo likaaminika. Nchi ilikuwa imegawanyika juu ya Vietnam na haki za weusi, na pambano likageuzwa kura. Anayepinga vita yuko na Ali, anayeunga mkono serikali yuko na Frazier. Hakuna aliyemuuliza Frazier kama aliomba kuwa mgombea wa upande huo. Alisema baadaye kwamba watoto wake walitaniwa shuleni.

Usiku huo Frazier alijibu kwa lugha aliyoijua. Raundi ya 15 alitupa konde la kushoto likampata Ali kwenye taya, Ali akaenda chini. Aliinuka, na kuinuka kwake kulikuwa ni ujasiri mtupu, lakini majaji wote watatu walimpa Frazier ushindi. Mshindi mwenyewe alilazwa hospitali kwa jinsi alivyoumia.

Kuna jambo lililotokea usiku uleule ambalo wengi hawalijui. Katika mji mdogo wa Media, Pennsylvania, kikundi cha wanaharakati kilivunja ofisi ya FBI na kuchukua mafaili, kikiwa kimechagua usiku huo kwa kuwa walijua kila mtu atakuwa anafuatilia ngumi. Mafaili hayo yalisaidia kufichua mpango wa siri wa serikali wa kuwapeleleza na kuwavuruga wanaharakati, wakiwemo weusi. Kwa hiyo wakati watu weusi wanabishana baa na sebuleni nani kibaraka kati ya mabondia wawili, waliokuwa wanawapeleleza kwa kweli walikuwa na makabati yao mahali pengine kabisa.

Miezi mitatu na ushee baadaye, Juni 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ya Ali, majaji 8 kwa sifuri.

Manila

Pambano la pili lilifanyika New York Januari 1974, raundi 12, Ali akashinda kwa pointi. Siku chache kabla yake walikwenda pamoja studio ya televisheni kuangalia marudio ya lile la kwanza. Ali alimwita Frazier mjinga. Frazier akasimama, wakakamatana, wakaanguka chini mbele ya kamera. Wengi walidhani ni maigizo ya kuuza tiketi. Ukiangalia uso wa Frazier huoni igizo.

Oktoba mwaka huo Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa na kuurudisha ubingwa. Foreman ndiye aliyemwangusha Frazier mara 6 katika raundi 2 huko Kingston, Jamaica, mwaka 1973, kwa hiyo wengi waliamini Frazier amekwisha. Ali naye aliamini hivyo. Ndipo likapangwa la tatu, tarehe 1 Oktoba 1975, Ufilipino, chini ya utawala wa Ferdinand Marcos.

Kabla ya pambano Ali alitembea na mwanasesere wa gorila mfukoni. Aliutoa mbele ya waandishi wa habari, akaupiga makonde, akasema huyo ndiye Frazier. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenzake nyani mbele ya dunia nzima, na dunia inacheka.

Walipigana asubuhi ili televisheni za Marekani zipate saa nzuri za jioni, na joto la ukumbini lilikuwa la kuua. Raundi za mwanzo zilikuwa za Ali, za katikati zikawa za Frazier, kisha Ali akapata nguvu sijui alizitoa wapi. Jicho la kulia la Frazier likavimba likafunga. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba jicho la kushoto lilikuwa bovu siku nyingi. Maana yake mwishoni alikuwa anapigana gizani. Baada ya raundi ya 14 kocha wake, Eddie Futch, alikataa asiendelee. Frazier alitaka kuinuka. Futch, ambaye alishawahi kuona mabondia wakifia ulingoni, hakumsikiliza. Ali alisimama kama mshindi, kisha akalala chini. Alisema baadaye kwamba hajawahi kukikaribia kifo kama siku ile.

Bili inapokuja

Hakuna aliyetoka Manila mzima. Frazier alipigwa tena na Foreman mwaka 1976 akastaafu, akarudi kwa pambano moja tu mwaka 1981. Ali aliendelea hadi 1981, akipokea vichwani ngumi ambazo zamani angezikwepa. Mwaka 1984 madaktari wakasema ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Yule msemaji kuliko wote akaanza kukosa sauti.

Deni la maneno lilikuwa na riba yake. Mwaka 1996 Ali, mikono ikitetemeka, aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta na watu wakalia. Frazier alisema hadharani kwamba angependa kumsukumia motoni. Ni maneno mabaya, sitayapamba. Lakini miaka 20 na zaidi baada ya Manila mtu mzima bado anaongea hivyo, ujue hakuwa anazungumzia ngumi. Ngumi zilikuwa kazi na wote walilipwa. Alikuwa bado anajibu lile neno.

Mwaka 2001 Ali alimwomba radhi kupitia gazeti la New York Times. Alisema aliyasema yale kwa hasira ya wakati ule, na mengi yalikuwa ya kutangaza pambano. Mwaka huohuo mabinti zao, Laila Ali na Jacqui Frazier-Lyde, walipanda ulingoni wakapigana raundi 8, Laila akashinda kwa pointi. Uhasama ulikuwa umerithiwa kama shamba.

Frazier alifariki tarehe 7 Novemba 2011 kwa saratani ya ini. Mji wa Philadelphia ulikuwa na sanamu ya Rocky, bondia wa kwenye sinema ambaye mazoezi yake ya kupiga nyama yanatokana na maisha ya Frazier, miaka mingi kabla haujamjengea Frazier mwenyewe. Ya kwake ilizinduliwa 2015, yeye akiwa kaburini. Ali, mgonjwa, alikwenda mazishini. Waombolezaji walipoombwa wasimame wampigie makofi marehemu, naye alisimama akapiga.

Siku neno lilipomrudia mwenyewe

Sehemu hii ni ya kwetu. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali azunguke Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Serikali ya Tanzania haikufurahia kuletewa bondia kwenye suala zito la kidiplomasia.

Waandishi wa habari walimbana. Walimkumbusha kwamba mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Marekani haikuwaunga mkono. Wakamkumbusha pia ni nani alikuwa akiwasaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kisha akaulizwa kama yeye ni kibaraka wa Ikulu ya Marekani. Ali alikasirika. Alijibu kwamba hakuna aliyemlazimisha kuja, na kwamba yeye si Uncle Tom wa mtu yeyote.

Lilelile. Miaka 9 baada ya kumbandika mwenzake, lilibisha hodi kwake, na akaona jinsi lilivyo gumu kulikanusha. Maana ukikaa kimya umekubali, ukifoka umeguswa.

Nampa sifa moja kubwa, hata hivyo. Alisikiliza. Alikiri kwamba historia ile hakuambiwa, na kwamba angeijua pengine asingekuja. Tanzania ilikwenda Moscow, na Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakaleta medali 2 za fedha. Kenya, ambako Ali alielekea baada ya hapo, haikwenda. Wenye kuheshimiana walitofautiana, kila nchi na sababu zake.

Na sisi je?

Msamiati wetu ni mpana kuliko wa Ali. Tuna kibaraka, tuna msaliti, tuna mamluki, na siku hizi tuna chawa. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikubali kukaa kwenye kamati ya pamoja na utawala kuhusu maji ya hosteli. Wiki ya pili kundi la WhatsApp lilishamtengenezea stika: chawa wa dini zote. Hakuna aliyemuuliza kamati imefikia wapi. Alijiuzulu. Nafasi yake haikujazwa hadi muhula ukaisha, na sote tunajua tulivyobeba ndoo.

Sisemi vibaraka hawapo. Wapo, na mtu akila njama na wenye nguvu dhidi ya wenzake aitwe kwa jina lake. Ila basi tuonyeshwe: alisaini nini, alilipwa na nani, alipiga kura gani. Ali angeweza kusema, "Frazier, umeonaje kuhusu Vietnam? Simama useme." Huo ungekuwa mjadala, na Frazier angewajibika kuujibu. Neno alilochagua lilimwondolea Frazier haki ya kujibu, kwa sababu chochote ambacho "kibaraka" anasema kinahesabiwa ni maneno ya bosi wake.

Na tuangalie nani alilipa. Ali aliyasahau, kwake ilikuwa biashara ya wiki kadhaa. Frazier aliyabeba hadi uzeeni. Anayerusha neno huwa halijui uzito wake, kwa sababu hakulidaka yeye.

Picha ya Ali ibaki ukutani, anastahili. Kijana wa miaka 25 aliyekubali kupoteza kila kitu kuliko kwenda kuua watu wasiomkosea ni mfano ambao dunia haina mingi. Lakini wenye nafasi kidogo pembeni yake wamweke na Frazier, mkono wa kushoto ukiwa umepinda, mtu aliyemsaidia mwenzake siku za njaa na malipo yake yakawa lile neno. Kampeni zinaanza wiki ijayo. Wagombea wakipanda jukwaani na kuwaita wapinzani wao majina, tuwaulize swali moja tu, kwa adabu: ushahidi uko wapi?